Pikapu Isiyokuwa na Kasoro

Kila aliposhika waya, Verna Hrynkiw aliuuliza kimoyomoyo: umeanzia wapi, na unarudi wapi? Katika miaka thelathini na minne ya ufundi umeme wa magari pale Brodna, mji mdogo kule Saskatchewan kwenye baridi kali, hakuwahi kupata swali bora. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hufanya kazi yake kwenye taa au stata, kisha hurudi nyumbani kupitia bodi ya gari na waya wa arthi. Njia ikikatika mahali popote, hakuna kitu. Watu wa Brodna walibadilisha betri, wakabadilisha alteneta, wakalitukana gari, ndipo wakampelekea yeye. Mara nyingi alikuta waya wa arthi umeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Aliusugua, akaufunga upya, na mwenye gari akaondoka ameinamisha kichwa.

Kazi aliisomea chuoni, Moose Jaw, mwanamke pekee kati ya wanafunzi kumi na wanane. Mwaka wa kwanza wenzake walimwita Taa ya Breki, kwa jinsi uso wake ulivyowaka mwekundu kila alipoulizwa swali. Mwaka wa pili walikuwa wakinakili majibu yake.

Jumatatu moja ya Januari, Lorna Sawchyn alimletea pikapu ya baba yake ikiwa imekokotwa na trekta la jirani. Lorna alikuwa amerudi kutoka Calgary mwezi wa Novemba, baada ya mzee kuteleza kwenye barafu na kuvunjika mkono. Mkono ulikuwa umepona. Sasa shida ilikuwa gari: kila asubuhi ya baridi kali liligoma, betri imelala, na jirani alikwisha kuja mara tatu na nyaya zake za kulibusti kwa betri ya gari lake. Lorna aliamini mzee anaacha taa zikiwaka.

"Dada Verna, ukikuta kasoro, itengeneze," alisema. "Usipokuta, niambie ukweli. Maana kama gari ni zima, basi tatizo ni Baba, na funguo nitazichukua kabla hajaua mtu."

"Baba mwenyewe yupo hapa," alisema mzee kutoka mlangoni. "Bado hajazikwa."

Huyo alikuwa Metro Sawchyn, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, kofia yake ya manyoya imefunika masikio. Shamba lake lilikuwa kilomita kumi na nne kutoka mjini. Bila pikapu asingefika kanisani, wala kwenye meza ya kahawa ya wazee wenzake, wala kwenye kaburi la mkewe. Lorna alikuwa amekwisha kuzungumza na nyumba ya wazee kule Yorkton.

"Taa nazima," Metro alimwambia Verna. "Nazima, halafu nageuka kuangalia tena, kama mlevi anayehesabu vidole vyake." Kisha akamuuliza mama yake hajambo.

Verna akamwambia Mama alifariki, mwaka wa nne sasa. Mzee akavua kofia. Akasema hakuna mwanamke pale kanisani aliyejua kukaanga vitunguu vya piroge, vile vimaandazi vya viazi vya kuchemsha, kama yeye.

Siku mbili Verna aliichunguza ile pikapu. Aliweka mita kati ya betri na waya wake, akasubiri gari lilale kabisa, akasoma: miliampia thelathini, kiasi kile kile kinachotumiwa na saa na kumbukumbu za redio. Hata hivyo alichomoa fyuzi moja moja. Aligonga rilei zote, zile swichi ndogo za umeme, kwa mpini wa bisibisi, asikie kama kuna iliyonata. Aliiacha simu yake ikirekodi ndani ya droo ya dashibodi, aone kama kijitaa cha mle ndani huzimika droo ikifungwa. Kilizimika. Alteneta ilichaji vizuri. Betri ilikuwa ya mwaka jana, nzima. Akachunguza hata plagi inayoning'inia mbele ya gari, ile ya hita ya injini na blanketi la betri, maana kule majira ya baridi hakuna gari linalolala bila kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba, ili baridi isiue betri. Hita ilipata joto. Blanketi lilipata joto.

Pikapu haikuwa na kasoro.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama. Juu ya rafu kulikuwa na kopo limejaa rilei mbovu za magari mengine. Angeweza kuchukua moja, akamwonyesha Lorna, akasema ndiyo hii. Nani angejua? Lakini baridi ingerudi, gari lingegoma tena, na safari hiyo hakuna mtu ambaye angemwamini mzee.

Wala hilo silo lililomkalisha pale. Miaka saba nyuma mama yake alilalamika kwamba gari linamzimikia njiani. Verna alimtazama mama, hakulitazama gari. Wakati ule Mama alikuwa amekwisha kuanza kusahau majina. Verna alichukua funguo kutoka kwenye mkoba wa Mama, siku Mama alipokuwa jikoni akichambua majani ya kabichi, na gari akaliuza kwa mtu wa mbali. Yeye, fundi wa gari la kila mtu, hakuinua hata boneti. Labda lilikuwa zima. Hilo hatalijua tena.

Jioni ya Jumanne, akizungusha waya wa ile plagi mkononi, alijiuliza swali lake la siku zote, akaona mahali alipokosea. Waya ule alikuwa ameufuata kutoka bampa kuingia ndani ya gari. Huko ndiko unakorudi. Hakuuliza unaanzia wapi.

Jumatano aliirudisha pikapu shambani, akamwomba Metro aiegeshe na kuichomeka kama kawaida. Lorna alitaka jibu. Verna akamwomba avumilie mpaka asubuhi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, baridi digrii thelathini na sita chini ya sifuri, Verna alisimama uani kwa Sawchyn. Metro alikwishatoka, ameshika kikombe kinachofuka moshi. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya ukutani, chini ya taa ya kibarazani. Verna akagusa boneti: baridi kama reli. Akachomoa waya, akachomeka taa yake ya mkono kwenye soketi ile. Haikuwaka.

"Unaona?" Metro alisema. "Nilichomeka."

"Naona, mzee. Ngoja."

Wakasimama tu. Ndani, jikoni, nyayo zikasikika. Mara taa ya kibarazani ikawaka, na papo hapo taa ya mkononi mwa Verna nayo ikawaka.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Lorna alikuwa na kanzu ya kulalia na buti za baba yake.

"Mnafanya nini kwenye baridi yote hii?"

"Lorna, zima taa."

Akazima. Zote mbili zikazimika. Akawasha, zikawaka. Akarudia tena polepole, mara ya tatu, ingawa hakuna aliyemwambia.

Kila usiku kabla ya kulala Lorna alizima taa ile, na soketi pamoja nayo, kwa kuwa mwanga wake uliingia chumbani kwake. Kila asubuhi aliiwasha. Kwenye swichi kulikuwa na kipande cha plasta alichobandika mama yake zamani, chenye maandishi yaliyofifia, na mwezi wa Novemba, alipokuwa akisafisha jikoni, Lorna alikibandua na kukitupa.

"Miezi miwili," alisema. "Baba, kwa nini hukuniambia ile plasta ni ya nini?"

"Ningejuaje umeibandua? Mimi natazama mlango, sitazami swichi." Metro akanywa kahawa yake. "Na wewe ndiye uliyetaka kunipeleka Yorkton. Twende wote, basi. Tuombe vitanda viwili."

Lorna akacheka, kisha akafunika uso kwa mikono na kukaa pale kizingitini, mlango wazi, joto lote la nyumba likitoka.

Verna akauchomeka tena waya wa pikapu, taa ikiachwa inawaka, wakaingia kunywa kahawa mpaka karibu na mapambazuko. Lorna alikata plasta mpya, akaandika kwa herufi kubwa USIZIME, akaibandika juu ya swichi na kuikandamiza kwa kidole gumba. Funguo za pikapu, alizokuwa amezichukua tangu jana, alizitoa mfukoni, akazitundika kwenye msumari wake karibu na kalenda ya kanisa.

Metro akamsogezea Verna sukari. "Na mama yako, hajambo?"

Lorna aligeuka, akamtazama Verna.

"Alitutoka, mzee," Verna alisema, kwa sauti ile ile ya Jumatatu. "Mwaka wa nne sasa."

Mzee akainua mkono kuvua kofia, akakuta hajaivaa. "Pole, mwanangu. Vitunguu vyake..."

"Ndiyo. Vitunguu vyake."

Lorna alimsindikiza Verna mpaka kwenye gari lake. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama amesikia mzee akirudia swali lile lile.

"Nimesikia," Verna alisema. "Lakini wewe uliniuliza habari za pikapu. Pikapu haina kasoro, na taa alikuwa anazima."

Nyuma yao injini ya Metro ikashika, mara ya kwanza tu. Alipofika usawa wao mzee aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani kuwasalimu, akawasha taa za mbele, akashika njia ya kanisani.

Lorna hakuondoka pale mpaka taa nyekundu za nyuma zikapotea kwenye kona.