Kitenge cha Kusikilizia Redio

Enzi zetu pale Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, redio haikuguswa na mtoto. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma shangazi. Ikiishiwa nguvu tuliyatoa mawe yake, yaani betri, tukayaanika kwenye ungo pamoja na mihogo, na ole wake kuku atakayeyasogelea. Vijana wa leo, wenye redio ndani ya simu, nikiwasimulia wanacheka mpaka wanakohoa.

Tuliyatunza mawe kwa ajili ya Jumapili. Mchana wa siku hiyo redio ya ng'ambo ya ziwa ilisoma, kwa Kirundi, majina ya watu wanaotafutana na ndugu zao. Nyogokuru, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alipotezana na mdogo wake Melkiori walipokuwa wakikimbia kutoka Burundi. Alituma tangazo kupitia kanisani, akawa anasubiri jibu.

Basi kila Jumapili alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge chake kizuri na kuketi wima mbele ya redio. Tulijua kabisa watu wa redioni hawamwoni, lakini nani angethubutu kumwambia?

"Nyamazeni nyie! Melkiori akitajwa nisimsikie, mtamrudisha nyie?"

Hata kwa majirani michi ilinyamaza, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Majina yakiisha, alizima redio kwa vidole viwili, polepole, akavua kitenge na kwenda kuchambua maharage. Hakulia mbele yetu. Sasa mimi ni mtu mzima, na bado vile vidole viwili vinaniuma.

Tulipopata uraia, baba alijenga Kawajense, mjini Mpanda, akataka kumhamisha. Nyogokuru aligoma katakata.

"Nilitangaza niko Katumba. Nikihama, akija atamuuliza nani?"

Akabaki na redio yake.

Siku hizi Mpanda tuna redio zetu wenyewe, sauti safi kabisa. Watangazaji wanacheka kabla hawajamaliza utani wao, na watu wanatumiana salamu wakiwa wamekaa kochi moja. Nazipenda. Ila sijamwona mtu anayeoga kwanza ndipo azifungulie.

Msimu wa mvua uliopita Nyogokuru alifariki, na mimi ndiye niliyepeleka tangazo la msiba redioni. Nilitaja ndugu wa Katumba, wa Kawajense na wa Magamba. Kisha nikamwambia kijana aliyekuwa akipokea matangazo aandike, "Na Melkiori, popote alipo." Akaandika bila kuuliza.

Mchana tulikusanyika nyumbani kwa Nyogokuru, redio ileile ikiwa mezani. Mjukuu mmoja akaanza kuchezea simu, nikamkaripia kwa maneno yaleyale ya bibi. Tangazo likasomwa, na Melkiori akatajwa. Enzi zetu jina hilo lingemfanya Nyogokuru aruke kwenye kiti. Sasa alikuwa chumbani, tumemlaza akiwa amevaa kile kitenge chake, na hakusikia.