Jaa la Bi Mwatum

Mimi ndiye niliyemnyang'anya Bi Mwatum jaa lake. Sikutumia nguvu, nilitumia kalamu. Nina hasira ninapoandika haya, na kubwa yake ni juu ya nafsi yangu.

Bi Mwatum ni mjane wa hapa Vitongoji, Pemba, mkulima wa mboga. Miaka kumi na tisa aliyachukua majani ya mkarafuu yanayotupwa na kiwanda kidogo cha mafuta, akayarundika nyuma ya kiwanda pamoja na samadi, akayafunika makuti. Mwenye kiwanda alifurahi kuondolewa taka bure. Sisi tulimcheka, tukaliita jaa, kisha tukaenda kwake kuomba mabilingani.

Yeye alisema jaa hupikwa. Huchomeka kijiti katikati, kesho yake hukichomoa. Kikimchoma kiganja, hulipindua kwa jembe. Kikiwa vuguvugu, huongeza samadi na maji. Hakufundishwa na mtu.

Miaka mitatu iliyopita akaja Dokta Abdulsamad, mtafiti kutoka bara. Mimi nasomesha bayolojia, basi akanichukua nimjazie fomu zake za Kiingereza. Alipotia kipimajoto ndani ya jaa, kikasoma nyuzi sabini na mbili. Alikaribia kupiga vigelegele. Akatueleza kwamba humo mna bakteria wanaopenda joto ambalo lingewaua wenzao, na kwamba vimeng'enya vyao havivunjiki kwenye maji ya moto, kwa hiyo viwanda vya sabuni na vya nguo huvitafuta kila pembe ya dunia.

"Kumbe nafuga!" Bi Mwatum akacheka.

Kwenye fomu palikuwa na mahali pa jina la mwenye lundo. Nikamuuliza, "Bi Mwatum, jaa hili la nani?"

"La Mngu, mwanangu."

Kila Mpemba analijua jawabu hilo. Muulize mtu nyumba hii ya nani, atakwambia ya Mungu, kisha atakufungulia mlango kwa ufunguo wake. Ni adabu tu, asionekane anajitapa kwa alichoruzukiwa. Ilinipasa niulize tena: na aliyepewa ni nani? Sikuuliza. Jua lilikuwa kali na fomu zilikuwa nyingi. Nikaandika: hakuna mwenyewe.

Mwaka uliofuata bakteria mmoja wa humo akaonekana ana kimeng'enya cha maana. Mradi ukaja na waya na nguzo, ukalizungushia uzio jaa lote, na mimi nikapewa ukarani wa getini. Bi Mwatum akaambiwa asiingie, atawachafulia utafiti. Vitalu vyake vikawa havina mbolea. Akaenda kushitaki kwa sheha wetu, Mzee Seif, mkuu wa serikali hapa kijijini, na sote tukaitwa.

Sheha akaisoma fomu kwa sauti. Bi Mwatum akanigeukia.

"Hafiz, mwanangu, weye ulikuwapo. Waambie."

Dokta alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema kwamba nilikosea, kwamba maneno yale si ya kuandikwa hivyo. Niliufikiria ukarani wangu. Nikasema, "Ndivyo alivyosema."

"Bi Mwatum, ulisema hivyo?" sheha akauliza.

"Nlisema. Na leo ukiniuliza ntasema la Mngu. Lakini mie ndo nilipikae."

"Basi tamka mbele yetu kuwa ni lako, si la Mungu. Nitaandika."

Mjinga yule! Alidhani anamsaidia. Bi Mwatum akasema, "Astaghfirullah," akavaa kandambili zake akatoka. Sheha akapiga muhuri ile fomu yangu.

Tangu hapo jaa halikupinduliwa na mtu, na joto likashuka. Dokta hakujali, maana bakteria wake amekwisha kumpeleka maabara, wanamfuga kwenye chupa.

Wiki iliyopita Bi Mwatum alikuja getini. Jembe lake lilibaki ndani tangu siku ya uzio, na analihitaji. Aliniamkia kwa heshima, akaniita bwana. Amri ni kwamba haingii mtu bila kibali, na vibali naandika mimi. Nikaandika jina lake na saa ya kuingia. Palikuwa na mahali pa kueleza anayeingia ni nani. Mlinzi alikuwa ananisubiri, nikaandika: mgeni.

Akakipokea kibali kwa mikono miwili, akasema ahsante.