Shule ya Pikipiki ya Kasiani wa Mnyambe

Mume wangu Kasiani nilimtuma Nachingwea akalete cherehani, akarudi na pikipiki. Nalisema hili mapema ili mkinisikia napaza sauti mnielewe, maana mpaka leo sijapoa. Ule mradi wa karanga wa Wazungu ulikuwa unavunjwa, vitu vinauzwa bei ya kutupa, na watu wa Masasi na Newala walikuwa wanarudi na mabati, mapipa na vitanda vya chuma. Waume wa wenzangu walileta vitu vya maana. Mimi nikasikia mngurumo toka mbali, kuku wakarukia paa, na bwana huyo akashuka mbele ya jiko langu, meno yote nje.

"Mama Veridiana," akaniambia, "nimepata!"

"Umepata nini? Kichaa?"

Akacheka. Kasiani ukimtukana hucheka, ndiyo maana tumedumu. Wakati wa vita alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma, na kazi yake huko ilikuwa kupeleka ujumbe kwa pikipiki, kutoka kambi hii mpaka ile, kwenye matope yanayofika magotini. Wengine walirudi na ndoto mbaya. Yeye alirudi na hamu ya pikipiki. Alipanda mikorosho na mihogo kama watu wote, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, lakini nilikuwa namwona akiwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake wa kulia unazungushazungusha hewa. Nikajua moyo wake hauko hapa.

Na ana ugonjwa mmoja zaidi: hawezi kumwona mtu anafanya kitu vibaya akapita zake. Ukifunga mbuzi vibaya atamfungua akufunze upya. Hata mpiga kengele wa kanisa, Kasiani aliwahi kumnyang'anya kamba, ibada imechelewa, padri amesimama mlangoni anasubiri. Niliinamisha uso siku ile, nikatamani ardhi inimeze.

Basi mtu wa namna hiyo akasikia kwamba ofisi ya kilimo pale Newala imeleta pikipiki, na kwamba Bwana Shamba msaidizi wa kwetu, Reginald, ndiye anayetazamiwa kuiendesha. Reginald alikuwa kijana wa Lulindi, mtoto wa nyumba ya misheni, mpole, shati jeupe, wimbo wa kanisani mdomoni. Alikuwa anakagua mikorosho yetu kwa miguu, viatu vimejaa mchanga. Mkubwa wake alimwambia waziwazi: atakayefaulu mtihani wa kuendesha atabaki huku kwetu juu mlimani na pikipiki yake, atakayeshindwa atahamishiwa Mpwapwa. Siku ya kwanza kuijaribu, Reginald aliingia nayo kwenye ua wa mtu, akatoka na mlango wa choo shingoni.

Kasiani alipopata habari hiyo hakumaliza ugali. Alikwenda kumtafuta kijana wa watu, akamwambia aje Jumamosi mchana kwenye kiwanja cha mpira. Wakaja na wengine. Alikuja Muharami, mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye hakuwa na pikipiki, wala baiskeli, wala matumaini ya kupata, lakini alisema mtu hajui Mungu amemwandikia nini. Hivyo ndivyo shule ilivyoanza. Hakuna aliyemtuma Kasiani, hakuna aliyemlipa.

Ada niliiweka mimi. Nyinyi mliozaliwa penye maji hamwezi kujua. Huku kwetu juu hakuna kijito, hakuna kisima; mwanamke anaamka anateremka bondeni, anapanda tena na debe kichwani, na akifika nyumbani jua limekwishamchoma mgongoni. Nikamwambia mume wangu: "Kama ni lazima hilo dude linitishie kuku wangu, basi kila anayetaka kulipanda ataniletea maji." Akadhani natania. Jumamosi iliyofuata nilisimama njiani na kata mkononi, nikawarudisha wote waliokuja mikono mitupu.

Jamani, nilicheka mwaka ule! Wanaume wazima wanateremka bondeni na mizega ya madebe mabegani, wanagombania zamu na wasichana kwenye kisima cha huko chini, maji yanawamwagikia miguuni. Bwana Shamba mwenyewe alipanda mlima na madebe yake mawili, akafika yamebaki nusu, na nyuma yake anakuja Emilia, msichana wa jirani yetu, debe limejaa kichwani na tone halijaanguka, anamfundisha jinsi ya kuweka majani juu ya maji yasirukeruke. Juma lililofuata Reginald alileta maji mara mbili. Nikamtazama Kasiani, Kasiani akanitazama. Hata Muharami, ambaye haoni kitu kisicho na magamba, aliona.

Kabla ya hapo Mpwapwa haikumsumbua Reginald. Alisema kule kuna nyama ya bei rahisi. Sasa akiisikia Mpwapwa anakosa usingizi. Maana Emilia alikuwa chini ya mjomba wake, Mzee Silvano, na kwetu mjomba akisema amesema. Kwetu pia mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, si kinyume chake. Mzee Silvano aliwaita wazee, akamwambia Reginald mbele yao: "Ukibaki Mnyambe, utamwoa. Ukihamishwa, nenda salama, lakini huyu mtoto hateremki mlima huu kukufuata." Kwa hiyo mambo yote yakawa juu ya ule mtihani. Akianguka, amekosa pikipiki, amekosa Mnyambe, amemkosa Emilia.

Kasiani akafundisha kama mtu aliyepagawa. Mwanzo alikataza kuwasha injini. Walikaa juu ya pikipiki iliyosimama, macho yamefungwa, wanatafuta klachi, breki na gia kwa kupapasa, mpaka mikono ikazoea. Halafu mmoja akapanda, wengine wakamsukuma. Halafu ndipo moto wa injini, na mchanga. Mchanga wetu mnaujua? Ni mwekundu, mlaini, unameza gurudumu mpaka katikati. Wote walikuwa wameendesha baiskeli, na mtu wa baiskeli akiona mchanga anaogopa, anapunguza mwendo. "Ukiogopa umekwisha!" Kasiani anapiga kelele, anakimbia pembeni yao na kaptura yake ya Keya. "Kaza moto! Legeza mabega! Tazama mbali, usitazame chini, chini hakuna dhahabu!"

Hapo ndipo tukafikia jambo ambalo Kasiani hakufundishwa Burma. Kwetu kijana aliye juu ya baiskeli hampiti mzee. Anashuka, anaishika baiskeli, anaamkia, anaitikiwa, ndipo anapanda tena. Mtoto analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Siku moja Muharami yuko kiwanjani, anakwenda vizuri, gia ya pili, mabega yamelegea, Kasiani anampigia makofi. Ghafla Mzee Silvano anakatiza uwanja, fimbo mkononi, anakwenda zake kilabuni. Muharami akaruka chini palepale, kama anavyoshuka mtu kwenye baiskeli, akapiga goti, "Shikamoo, mzee!" Na pikipiki ikaendelea peke yake.

"Marahaba," akajibu Mzee Silvano, anaitazama inavyopita. "Na hiyo inakwenda wapi?"

Ilikwenda kwenye mihogo yangu. Ililala huko inanguruma, inachimba, inarusha majani, na Muharami bado yuko gotini kwa sababu mzee alikuwa hajamaliza kumwuliza habari za nyumbani. Nilipiga yowe mpaka mume wangu akasahau upande wa kukimbilia.

Tena hakuwa Muharami peke yake. Kila mwanafunzi akiona mvi, miguu inashuka chini yenyewe. Kasiani alikaa akafikiri, halafu akawaendea wazee, mmoja mmoja, na heshima zake zote. Akawaomba waje kukaa kiwanjani ili vijana wajifunze kuwaamkia bila kushuka: kijana apunguze mwendo, ainamishe kichwa, aseme shikamoo kwa sauti ya kutosha, apite. Wazee walibishana sana, wakakubali. Lo, na walivyoipenda kazi hiyo! Mchana kutwa wamekaa kwenye viti wanaamkiwa, wanaitikia, wananusa ugoro, wanatoa maksi. "Huyu hakuinama!" "Wewe, rudi, sikusikia!" Ikafika wakati wazee ni wengi kuliko wanafunzi.

Mzee Silvano hakuja hata mara moja. "Mtu anayetaka kuwa mkwe wangu," alisema, "anipite amekalia chuma, mimi nimesimama mavumbini? Watu wa Mnyambe wataniona nani?" Kasiani alimbembeleza, akambembeleza, akarudi nyumbani ameshindwa. Mimi nilimwendea mwenyewe, nikamwambia, "Kaka Silvano, dunia inakwenda." Akaniambia, "Iende, lakini ishuke iniamkie."

Sasa sikilizeni ubaya wake. Mtihani ulipangwa kutoka Newala mpaka kwetu Mnyambe na kurudi, na Mzungu wa kukagua magari atafuata nyuma kwa Landrova. Sharti ni kwamba mwendeshaji asikanyage chini njiani. Na karibu na kuingia kwetu kuna mwinuko wa mchanga mtupu, ukisimama pale katikati huondoki tena mpaka usukumwe; ukiuvuka, njia yote iliyobaki ni mchezo. Nyumba ya Mzee Silvano iko pale pale, kando ya mwinuko.

Kasiani alikwenda kwake asubuhi ya mtihani. Nilikuwa naye. Alimwamkia, akamwomba kitu kimoja tu, leo asitoke barabarani. Mzee Silvano alikuwa anajifunga vifungo vya koti lake la kwendea kanisani. Alifunga cha mwisho. Alitoka ndani, akachukua fimbo, akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, katikati ya ule mwinuko, kifua mbele. Nilimchukia, nasema kweli. Nilitamani nimwondoe kwa mwiko.

Watu walijaa. Muharami ameacha samaki wake na nzi. Emilia amekaa nyuma yangu, ameuma pindo la kanga. Kasiani amenishika mkono kwa nguvu, mtu huyu ambaye hanishiki mkono mbele za watu hata siku ya Pasaka. Tukasikia mngurumo. Reginald akatokea chini, nyuma yake vumbi la Landrova. Akauingia mchanga vizuri, mabega yamelegea, macho mbali, na Kasiani ananong'ona, "Kaza, kaza, kaza."

Halafu macho ya Reginald yakamfikia Mzee Silvano.

Niliiona ile sura. Akisimama, Mpwapwa. Akipita, amemtukana mjomba mbele ya kijiji kizima, na nani atampa mke? Mngurumo ukapungua. Pikipiki ikaanza kuyumba. Nikaona mguu wake wa kushoto unatoka taratibu, unashuka, ncha ya kiatu inaelekea mchangani. Emilia alisema "Mama yangu" kwa sauti ndogo. Kasiani, mwalimu aliyejua kila kitu, akafumba macho.

Na Mzee Silvano aliuona ule mguu unaoshuka kwa ajili yake.

Sijui nini kilimpata moyoni. Nilichoona ni fimbo inatupwa huku, kofia inaruka kule, na mzee mzima, na koti lake la kanisani, anajitupa kifudifudi katikati ya mihogo ya shemeji yake iliyo kando ya njia. Majani yakafunga juu yake. Barabara ikawa tupu, haina mtu wa kuamkiwa.

"Pita, mwanangu!" ikatoka sauti kwenye mihogo. "Kaza moto! Mimi sipo!"

Mwanangu, alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Reginald akaurudisha mguu, akakaza, mchanga ukaruka, na pikipiki ikapanda ule mwinuko inalia kama ng'ombe anayezaa. Alipofika pale pa mzee hakugeuka, hakushuka, lakini alikuwa mtoto wa kwetu huyo, hakuweza kunyamaza. Aliinamisha kichwa, machozi na vumbi vimechanganyika usoni, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Shikamoo, mjomba!"

Na mihogo ikaitikia, "Marahaba!"