Mwalimu Aliyeketi Sokoni Kangemi

Ule mlio bado naukumbuka: kiganja kikipiga mlango wa mabati, pa, pa, pa, bila kupumzika. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kusaidia kwenye kituo chetu karibu na Mountain View. Hapo, mchana kutwa, watu wazima ambao hasira huwapanda ghafla hufundishwa kupika, kufua, kununua vitu na kungoja zamu. Aliyekuwa akipiga mlango ni dada wa rika langu. Mwalimu hakumkemea. Aliketi sakafuni, na wote wakaketi, kimya. Mimi nikadhani ni maombi, nikafumba macho. Jirani yangu akaninong'oneza, "Fungua macho, siz. Hatuombi. Tunamwachia nafasi."

Ndiyo desturi yetu. Mtu akichemka, wengine tunashuka, asione ukuta wa watu mbele yake.

Mama ya dada huyo huuza mitumba sokoni Kangemi. Kituo kikifungwa, alikuwa akimfungia nyumbani peke yake hadi usiku, maana sokoni binti alishawahi kupindua meza ya watu. "Siku nitamwona amenunua kitu bila fujo, nitakaa naye kibandani," alimwambia mwalimu. "Hiyo kufuli hata mimi siipendi."

Basi tukafanya mazoezi ya kununua mboga ya sukuma, tukiuziana majani tuliyochuma kwenye ua la jirani. Halafu tukaenda sokoni kwenyewe.

Mama yake alikuwa ng'ambo ya njia, anatutazama, ameshika soksi asizozikunja. Dada akasimama vizuri kabisa kwa mama mboga. Mara kastoma mwenye haraka akaja, akahudumiwa kwanza. Kiganja kikaanza kupiga meza. Nyanya zikabingirika.

Mwalimu akaketi. Pale pale kando ya mtaro, na sketi yake ya rangi ya maziwa. Nami nikaketi. Mvuta mkokoteni akasimama kutuangalia.

"Madam, umepata ploti ya kujenga hapo?"

"Nimepata," mwalimu akamjibu polepole, akionyesha mtaro. "Na maji iko tayari."

Mama mboga akatutazama, akamtazama dada, naye akashuka kutoka kwenye kreti yake akaketi chini, kisu cha mboga mkononi. Dada akabaki amesimama juu yetu sote. Kiganja kikapunguza mwendo, kikatulia.

"Mimi ndio nilikuwa mbele," akasema. "Nataka sukuma. Katakata nyembamba."

"Ni kweli, mrembo. Pole," mama mboga akasema, akamkatia, naye dada akalipa.

Mama yake akavuka njia na leso, akamfunga mwalimu kiunoni juu ya matope. "Leo muniachie yeye," akasema. "Anisaidie kupanga hizi soksi."

Nimewaona wakubwa kwenye televisheni wakihutubia. Moyoni mwangu hakuna aliyemfikia yule mwalimu wa mtaroni, na nikijaliwa kufungua kituo changu huko mtaa wa Jamhuri, nitataka kuketi kama yeye.

Jioni mwalimu alibadilisha nguo, akaacha sketi yenye matope kwenye karai, akakimbilia watoto wake. Wengine nao wakaenda. Nikachota maji, nikaifua taratibu mpaka tope likatoka, nikaianika.