Nilivyomzika Mzee Lungwa Angali Hai

Habari hii nimeikalia kimya muda mrefu, na leo naisema kwa sababu mmenibana, maana kila nikipita soko la Majengo kuna mama mmoja wa vitunguu huniita "mwandishi wa misiba" na wenzake wote wanacheka, nami nacheka nao, lakini jamani, moyoni natamani ardhi ipasuke niingie.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Maneno mazuri hayo ukiyasikia, ila maana yake ni kwamba huna ofisi, huna bosi, na kila mtu ni bosi wako. Wiki ile nilikuwa nimeandika hotuba ya mahafali ya shule, maneno ya kadi ya harusi na tangazo la mbegu za alizeti (nilizisifia mbegu ambazo sijawahi kuziona), na bado jarida moja la Dar lilikuwa linasubiri makala kuhusu mwanamke mjasiriamali. Nilikuwa na ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao.

Makala hiyo niliifuata kijijini Zuzu, nje ya mji, kwa Mama Nyemo, mama wa Kigogo anayekausha mlenda, ile mboga ya majani ya porini, na kuuuza Majengo kila Jumamosi. Mpole sana, na Kiswahili amejifunza ukubwani, kwa hiyo anakisema polepole, neno moja moja. Akaniweka kwenye kigoda, akanipa togwa, tukawa tunaongea huku yeye anachambua majani. Nikamuuliza kuhusu mumewe, Mzee Lungwa. Akajibu bila kuinua macho:

"Mzee katutoka. Mwezi wa pili huu."

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Dakika ileile simu ikalia, mhariri, makala iko wapi, nikamwambia namalizia (sikuwa nimeandika hata mstari), nikakata, nikaandika kwenye daftari "mume marehemu", nikaenda swali linalofuata. Kuna kitu kilininong'oneza niulize vizuri, lakini dereva wa bajaji iliyonileta alikuwa ameshaanza kupiga honi, nikasema moyoni nitampigia kesho. Kesho sikupiga.

Nikarudi mjini, chumbani kwangu Area D, nikaandika, na mjue mwandishi akichoka ndipo anapojitia ufundi, nikaweka sentensi hii: "Tangu Mzee Lungwa aage dunia, mlenda ndio umekuwa mume wa Mama Nyemo." Niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti mara mbili, peke yangu. Mhariri naye akaipenda, akaiweka kwa maandishi makubwa juu ya picha.

Jarida lilipotoka, Ijumaa asubuhi nikalibeba hadi Majengo (nani alinituma?) kuwaonyesha akina mama wanaouza naye. Mama Salama, Mrangi wa Kondoa, yule wa vitunguu niliyemtaja, akalinyakua akaanza kuwasomea wenzake. Alipofika kwenye sentensi yangu akalishusha jarida akanitazama.

"Mzee Lungwa amefariki?"

"Ndiyo, Mama."

"Lini?"

"Yapata miezi miwili."

"Ndiyo maana siku hizi Jumamosi nyingine haji sokoni! Na asituambie? Sisi?" Machozi yakamtoka pale pale.

Mmoja akajaribu kumpigia Mama Nyemo, simu haipatikani. Akanigeukia: "Dada, una hakika lakini?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Ningesema sina hakika, nikaaibika kidogo, nikaenda zangu. Lakini nani atakubali mbele ya soko zima kwamba ameandika jambo asilolijua? Nikasema, "Mke wake ameniambia kwa kinywa chake."

Basi. Haikupita saa, kirikuu cha kubebea mboga kilikuwa kimepakiwa unga, maharage na kuni, akina mama saba wamefunga kanga wamekaa nyuma, na mimi niliyekuwa nanyatia kuondoka nimeshikwa mkono. "Wewe ndiye uliyetuletea habari," alisema Mama Salama. "Kaa mbele na dereva, umwonyeshe njia."

Tulipofika wakashuka wanaimba wimbo wa maombolezo wa kanisani, na Mama Salama, ambaye ni Muislamu, akatangulia kimya, mikono kichwani. Mama Nyemo akatoka ndani na ungo wa mlenda. Alipotuona, ungo ukamdondoka.

"Ni Nyemo?" akauliza. "Ni Nyemo wangu?"

Akakaa chini vumbini akaanza kulia. Binti yake Nyemo ameolewa Kondoa na alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo kuona kundi linakuja na wimbo ule, mama wa watu alijua tumemletea kifo cha mwanawe. Kilio kile bado ninacho masikioni.

Ndipo kutoka zizini kwa mbuzi akatokea mzee mrefu, fimbo begani. "Mbukwenyi! Salamu kwenu. Kuna nini?"

Wimbo ukakatika katikati ya neno. "Mzee Lungwa!" Mama Salama akapiga ukelele, akajificha nyuma yangu. Wote wakanitazama mimi.

"Si nilikwambia katutoka?" Mama Nyemo aliniambia, bado anahema. "Alikwenda kwa Nyemo, kumwona mjukuu, mbuzi kaniachia mimi. Karudi juzi."

Mzee akaelezwa kilichotuleta, akataka asomewe hilo jarida. Mama Salama akasoma yote, hata ile sentensi, hakuiruka. Mzee akamgeukia mkewe: "Kwa hiyo wewe umeolewa na mlenda." Watu wakaangua kicheko, nikadhani nimepona. Yeye hakucheka.

"Mwanangu," akaniambia, "mke wangu alipokwambia nimekufa, ulimpa pole?"

Mama Nyemo akanijibia, taratibu kabisa: "Hakunipa."

"Ungempa pole, angekuuliza pole ya nini."

Unga na maharage havikurudi mjini, vilipikwa, na Mzee Lungwa alikula msiba wake akashiba. Mimi niliosha masufuria. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyeniambia niache. Jarida lilisahihisha kwa mistari miwili chini ya tangazo la sabuni.

Siku hizi simu naizima kabla sijapiga hodi kwa mtu, na akinitajia jambo zito naweka kalamu chini kwanza nimtazame usoni. Makala zangu zinachelewa, na mhariri yule ameshaniacha. Na aniache. Uchovu haujaenda kokote, ndio huu nimekaa nao hapa, ila sitamzika tena mtu kwa sababu tu nimechoka kuuliza.