Asparagasi Yangu Imechimbwa Kama Dhahabu

Jamani, kuna mwingine hapa Geita amepanda mboga akaambiwa anaficha dhahabu?

Mimi. Leo.

Asparagasi yangu niliiotesha kwa mbegu kwenye ndoo. Mwaka mzima naimwagilia na sijala hata chipukizi moja, maana ukivuna mapema mizizi inadhoofika. Jana nikaihamishia bustanini, nyuma ya nyumba. Yenyewe inataka mtaro wa kwenda chini, basi nikachimba, nikatia samadi, nikailaza mizizi, nikafukia.

Kumbe majirani wananichungulia.

Asubuhi nimeenda kanisani. Narudi, namkuta shemeji Masanja, mdogo wake mume wangu, yuko ndani ya mtaro hadi kiunoni na sururu yake. Udongo wangu ameujaza kwenye viroba. Mizizi ameitupa juani.

"Shemeji, umeupata mwamba wa dhahabu halafu unafukia? Sisi si ndugu?"

Nikamwonyesha mizizi, nikamwambia hii ni mboga. Akaniangalia kwa huruma.

"Mboga gani inachimbiwa duara, shimo la mgodini?"

Nikakaa chini nikalia. Na kulia kwenyewe kumeniponza, maana sasa ndiyo ameamini kabisa kuna kitu.

Mizizi michache bado ina unyevu, nimeifunika kwa gunia lenye maji. Ili ipone lazima niifukie leo leo. Lakini hilo shimo lake limeshakuwa refu mno, kwa hiyo lazima nichimbe mtaro mwingine.

Nimeshika jembe hapa. Uani pamejaa watu, na kila mmoja amekuja na karai.

Nishaurini. Nichimbe?