Mji wa Mchanga wa Kununua

Wifi yangu alikuja Jumamosi mchana na sambusa, na hata koti hajavua akaniambia nimpe pasipoti ya mtoto.

"Niiweke pamoja na yangu, wifi, isije ikapotea. Jumatatu tunakata tikiti."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa sofa anajisugua magoti, macho ameyakaza kwenye zulia. Nikajua mambo yamepangwa zamani, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Lewisham, London, ghorofa ya sita, lifti mbovu.

Mpango wao ulikuwa hivi. Mume wangu amepata usupavaiza wa hoteli katika ule mji wa jangwani ambao watu wa hapa hukimbilia Desemba kuota jua. Dada yake ndiye aliyemtafutia. Watangulie wao wawili, kaka na dada, pamoja na binti yetu wa miaka sita, aanze shule mapema. Mimi nibaki nimalize notisi ya kazi yangu ya kutunza wazee, nirudishe funguo za nyumba, kisha niwafuate.

"Na viza yangu?"

"Itatoka tu," wifi akasema. "Wewe nawe, kila kitu wasiwasi." Akanisukumia simu usoni, video ya bwawa la buluu na mitende imejipanga. "Hebu ona. Palikuwa jangwa tupu pale, hapakuwa na kitu. Ona watu walivyojenga!"

Hapo damu ikanichemka, maana mji ule naujua. Nilikaa huko miaka mitatu kabla ya London na kabla ya ndoa. Nilitoka Mombasa na cheti changu cha kidato cha nne, nikawa msafisha vyumba.

Hapakuwa na kitu? Kwenye korido ya chini ya hoteli yetu kulitundikwa picha tano za historia ya mji, na kufuta vioo vyake ilikuwa kazi yangu kila asubuhi. Ya kwanza ilikuwa ya kisima, na wanawake wenye viriba vya ngozi. Ya pili, nyumba za udongo na tende zimeanikwa juu ya mikeka. Ya tatu, lami imefika, watu wamelizunguka gari moja kama wanamtazama bibi harusi. Ya nne, kiwanja cha ndege. Ya tano, hoteli imeshasimama, inameta. Hakuna hata picha moja ya mtu anakoroga saruji. Na wale wanawake walikwenda wapi? Nilimuuliza mtunza bustani, mtu aliyekuwa pale kabla hoteli haijawekwa lifti. Akasema kisima kiko chini ya bwawa la watoto, kimezibwa kwa zege, na wenyewe walipewa nyumba nyuma ya mtambo wa maji, mbali na macho ya wageni.

Mitende ile ililetwa na malori ikiwa mikubwa tayari, ikashikiliwa kwa waya. Ukifa mmoja, unang'olewa alfajiri, unasimamishwa mwingine, na mgeni anakunywa chai yake chini ya mti ambao jana haukuwapo. Hata mchanga wa pembeni mwa bwawa ulinunuliwa. Mchanga wa jangwa lenyewe ni laini mno, unaingia wageni mdomoni, kwa hiyo tuliletewa wa kwingine, na sisi tuliuchekecha kama unga kutoa vipande vya sigara.

Lakini si mchanga ulioniuma. Mji ule una adabu. Hakuna anayekupigia kelele. Siku tuliyofika tulikuwa wasichana kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, na bwana mmoja mpole akatuambia pasipoti zitunzwe ofisini, kwa usalama wetu. Kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza, akanipa mimi kikapu nizungushe. Nikazungusha. Msichana mmoja kutoka Taita aliing'ang'ania yake, na mimi, mimi huyu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Toa bwana, usituaibishe mbele ya watu."

Akatoa. Mwaka wa pili mama yake alifariki. Kila siku alikwenda ofisini kuomba pasipoti, na kila siku alijibiwa kwa heshima kwamba mwenye ufunguo yuko safarini. Mama akazikwa bila yeye. Hakunisemesha tena, na haki yake.

Haya yote niliyasema pale sebuleni, sambusa zinapoa. Wifi akacheka.

"Wewe ulikuwa wa vyoo, mama. Kaka yangu anakwenda kuwa bosi. Usipime mji mzima kwa ndoo yako."

"Bosi wa nani? Wa wasichana kama mimi?"

"Angalau hatabadilisha wazungu nepi!"

Mume wangu akanyanyuka. "Basi, basi. Mama watoto, ni muhula mmoja tu. Nimechoka na huu mji, unaelewa? Miaka tisa ya baridi na ndiyo sir." Kwa kweli nilimhurumia. Kisha akaingia chumbani, nikasikia droo inavutwa, ya pili, ya tatu.

Akarudi. "Iko wapi?"

"Ninayo mimi."

"Nipe."

"Sitoi."

"Ni mtoto wangu pia!"

"Kaa naye basi. Kaa naye hapa."

Wifi akapiga makofi mara moja, yale ya kumsuta mtu. "Mwanamke gani huyu anamfungia mumewe riziki?"

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akauliza nani anaenda wapi.

Waliondoka pamoja jioni ile, kaka na dada. Mlangoni wifi aliniambia mtoto hachukuliwi nyumbani tu, huchukuliwa na shuleni pia. Labda ilikuwa hasira. Sikutaka kujua kama ilikuwa hasira.

Jumatatu nilifika ofisi ya shule kabla ya kengele. Nikaomba fomu ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Majina yalikuwa matatu. La wifi nililikata bila kupumua. Kisha kalamu ikasimama juu ya la mume wangu. Ni yeye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ni yeye pia aliyefungua zile droo. Mama wa ofisini akaniuliza kwa upole, "Na baba?" Upole ule ndio ulionimaliza. Nikakata.

Binti yangu alikuwa kando yangu, ameanza kusoma, ananyoosha kidole juu ya kila herufi. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini jina la baba lina mstari.

"Nimelikata mimi," nikamwambia. "Ukimkasirikia mtu, nikasirikie mimi."

Akanitazama, akauachia mkono wangu, akaingia darasani.